Sadaka Yenye Magando

Ndugu zangu, mimi ndiye niliyewafundisha Watanzania wa kanisani kwetu, mjini Brooklyn Center huku Marekani, sheria za kuvua kamba wa maziwani. Nilisema kwa ukali: kamba wenyeji muwavue kwa leseni, muwale; lakini wale kamba wageni wekundu, walioletwa kutoka kwingine, wanaharibu maziwa, ni marufuku kuwasafirisha wakiwa hai.

Jumapili iliyopita ilikuwa sikukuu ya mavuno. Alfajiri nilivua ndoo nzima, wote wekundu. Nilijua sheria. Lakini nimekulia Machame, ambako kuku wa sadaka hupelekwa akiwa hai, nikaona aibu kumpelekea Mungu mizoga. Nikafunika ndoo kwa kitenge, nikaendesha gari taratibu, nikijiona mcha Mungu kuliko wote.

Baada ya ibada, mzee wa kanisa anayenadi sadaka alitaja jina langu, akafunua kitenge. Kamba mmoja akapanda ukingo, akaanguka, akatembea hadi miguuni kwa mchungaji, magando juu.

Mama Neema, mwanafunzi wangu msikivu kuliko wote, akainama kumtazama.

“Mwalimu,” akaniuliza kwa upole, “huyu ni mwenyeji au mgeni?”

Waumini wote wakajibu kwa pamoja, “Mgeni!”

Nilikuwa nimewafundisha vizuri.