Mwanga Uliochelewa kwa Nyambura

Wapendwa, kabla ya kuugua nilikuwa msusi katika saluni moja mtaa wa Hurlingham, hapa jijini. Nilikaa mtaa wa Uthiru, chumba kimoja na mdogo wangu Nyambura, aliyekuwa akisomea ualimu.

Kikohozi kilianza kama mafua. Kisha likaja jasho la usiku, shuka likilowa mpaka naona aibu kulianika. Siku niliyotema damu kwenye sinki ya saluni, mwenye saluni alinipeleka hospitali mwenyewe. Nikaambiwa ni TB. Nilimeza dawa zote, mkojo ukawa rangi ya chungwa, nikanenepa kidogo. Halafu nikaanza kukonda tena, kwa kasi kuliko mwanzo.

"Lazima uliruka dawa," muuguzi akasema.

"Hajaruka hata siku moja!" Nyambura akamjibu. "Ni mimi nilikuwa nampea na mkono yangu."

Nikaanzishiwa dawa zile zile upya. Makohozi yangu yakapelekwa maabara, wadudu wa TB waoteshwe ijulikane ni dawa gani inawaua, nasi tungoje majibu. Tukangoja miezi. Nyambura aliniogesha, akamwaga kopo langu la makohozi, akalala nami kitanda kimoja kwa sababu hapakuwa na kingine. Dirisha tulilifunga kwa ajili ya baridi. Hakuna aliyetuambia tulifungue.

Naye akaanza kukohoa. Alipewa dawa kama zangu, lakini aliisha haraka kuliko mimi. "Dada, wacha kuniangalia hivyo," aliniambia. "Mimi nitapona. Wewe kunywa uji." Alifariki kabla majibu yangu hayajarudi. Siku ya mazishi nilisimama mbali na watu, nimefunga mdomo kwa leso.

Baadaye, majibu yakiwa bado hayajarudi, nilipelekwa kwa Daktari Akinyi, aliyekuwa na watafiti wakijaribu kifaa kipya. Kilitosha kiganjani.

"Wadudu wa TB wana DNA," alinieleza, "ni kama maagizo ya mwili wao yaliyoandikwa kwa herufi. Herufi moja ikibadilika, dawa inaweza kushindwa kuwaua. Tunaweka DNA yao kwenye hiki kioo kidogo, tunapitisha mwanga. Mwanga ukibadilika, tunajua herufi imebadilika."

"Ni DNA ya mdudu, si yangu?"

"Ya mdudu, mama. Wewe hujakosa kitu."

Kesho yake akaniita. Mwanga ulikuwa umebadilika. Zile dawa mbili kubwa nilizokuwa nikimeza hazikuwa zikifanya kazi. "Kifaa bado tunakijaribu, kwa hivyo tutahakikisha kwa njia ya zamani," akasema. "Lakini dawa nyingine tunaanza sasa."

Makohozi ya Nyambura yalikuwa bado kwenye friji ya maabara. Nilimwomba ayapime.

"Una uhakika unataka kujua?"

Nilitaka. Wakakuta badiliko lile lile. Mdudu aliyemuua alitoka kifuani mwangu. Nililia mpaka daktari akafunga mlango, akaketi nami.

Nilidungwa sindano kila siku hadi makalio yakawa magumu, sina upande wa kukalia. Nilitapika, magoti yaliuma, masikio yalilia kama nyenje. La kushoto halikusikia tena. Mwenye saluni aliniletea chakula mlangoni, akaongea nami akiwa nje. Pole pole makohozi yakawa safi, yakabaki safi.

Leo nimepona, na namshukuru Mungu kwa pumzi hii. Namshukuru Daktari Akinyi. Lakini watu wakiniambia yote yalipangwa, mimi huwahesabia miezi tuliyongoja. Jibu la siku moja lilikuwa katika mji huu huu, na sisi tulikaa ndani tukingoja. Laiti lingetufikia mapema kidogo, Nyambura angekuwa na darasa lake.

Kwa hivyo nawasihi. Ukimeza dawa vizuri na kikohozi kirudi, usikubali kuambiwa ni wewe ulikosea. Uliza kama wadudu wako wamepimwa, kama ni sugu. Anayekuuguza naye mpeleke akapimwe hata kama hajakohoa. Na fungueni madirisha, hata kukiwa na baridi. Sisi hatukujua la kuuliza. Ninyi sasa mnajua.