Ada ya Redio ya Domitila

Nakumbuka asubuhi moja ya miaka ya vita, mwanangu, mke wangu Domitila aliponipa bahasha mlangoni. Akaniambia, "Mwalimu, leo ndiyo siku ya mwisho. Usipite kwa mutu, usipite kwa chai. Uende mujini moja kwa moja."

Ndani ya bahasha mlikuwa na ada ya redio. Niliitia kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo, nikatoka. Moja kwa moja sikwenda.

Kwanza nikueleze redio yenyewe, maana ninyi mmezaliwa mkaikuta simu mkononi. Sisemi redio ya kusikiliza nyimbo. Huu ulikuwa mtambo wa kusema na kujibiwa; watu waliuita foni. Sanduku la chuma juu ya meza, betri ya gari chini ya meza, na waya mrefu uliotandazwa juu ya bati kutoka mti hadi mti. Domitila aliurithi kwa baba yake aliyekuwa akiuza mawese, akauweka chumba cha mbele cha nyumba yetu ya Cibitoke, hapa Bujumbura. Aliyetaka kusema na ndugu yake ng'ambo, upande wa Kongo, alikuja, akalipa kidogo, akakaa kwenye benchi akingoja zamu. Ng'ambo nako palikuwa na foni ya mwenzetu, na benchi lake. Mmoja akisema, mwingine hunyamaza. Akimaliza hutamka "nasikiliza," huachia kitufe, na jibu huja. Siri hakuna. Kila mwenye foni kandokando ya ziwa alisikia kila neno.

Serikali ilitoza ada kwa kila mtambo, mwaka hata mwaka, ndipo upewe ruhusa. Wakati wa amani, aliyechelewa aliongezewa faini basi. Wakati wa vita, mtambo usio na ruhusa ulikuwa swali: wewe unasema na nani? Milimani kulikuwa na watu wa bunduki, mjini kulikuwa na askari, na hakuna aliyetaka kuulizwa swali hilo. Ruhusa yetu iliandikwa kwa jina langu, kwa kuwa mkuu wa nyumba ni mimi, kwa hiyo mwenye kufika ofisini na kulipa ni mimi. Lakini mlo wetu ulitoka kwenye foni. Mshahara wangu wa ualimu ulikuja ulipopenda.

Sasa nije kwenye ugonjwa wangu. Domitila alikuwa na sauti. Si nyembamba, si nzito. Ilikuwa kama maji yanayomiminwa kwenye mtungi, unajua yamefika wapi bila kuchungulia. Mimi niliioa sauti ile kabla ya kumwoa mwenyewe. Na kila siku, kuanzia asubuhi hadi kabla ya saa ya kutotoka nje, niliisikia ikiwaendea wanaume wa ziwa zima. Zaidi ilimwendea mmoja, Byamungu, mwenye foni ya Kavimvira, hapo tu ukishavuka mpaka. Sikuwa nimemwona. Nilijua kicheko chake. Kilianza kabla ya maneno na kikabaki baada ya maneno. "Imbo, Imbo, hapa Kavimvira," alikuwa akiita. Imbo ndilo jina la kituo chetu. "Dada Domi, umeamukaje?" Dada Domi! Mimi mwenyewe sikuwahi kumwita Domi. Jioni nilihesabu maneno aliyompa yule, nikayapima na niliyopewa mimi kwenye sahani ya maharage, nikajiona nimepunjwa.

Mwaka ule biashara ililala. Wachuuzi wa ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, waliogopa barabara ya Gatumba iendayo mpakani, benchi likawa tupu, na siku ya ada ilipokaribia Domitila hakuwa na ya kutosha. Nilimwona akikopa huku na huku. Kisha, siku moja kabla ya mwisho, mama mmoja muuza samaki aliyetoka ng'ambo akanikuta nje, akanipa kifurushi kilichofungwa kwa kipande cha kitenge. "Ni ya Byamungu," akasema. "Ya kujazia ruhusa ya redio ya Domitila."

Nilikipeleka ndani. Domitila alikifungua mbele yangu, akamshukuru Mungu kwa sauti, akakitia kwenye bahasha pamoja na zetu. Hakuficha kitu. Lakini mwenye wivu, mwanangu, anapoonyeshwa wazi huona ndiyo mbinu yenyewe. Usiku kucha niliuliza dari: mwanamume gani humlipia mke wa mwenzake ada ya serikali?

Kwa hiyo asubuhi ile, badala ya kuelekea mjini, nilipanda teksi ya watu wengi ya kwenda mpakani. Mpango wangu ulikuwa mfupi. Nitamtupia Byamungu pesa zake usoni, nitarudi kabla ofisi haijafungwa. Kwamba ada pungufu haipokelewi, nililijua. Nilijidanganya kuwa nitapata mkopo njiani. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi nilichimba kwa mikono miwili.

Nilivuka mpaka, nikafika Kavimvira. Duka la Byamungu lenye foni sikulitafuta sana; waya wake ulionekana toka mbali. Niliingia nikiwa nimekaza ngumi, nikakuta chumba kimejaa. Wanawake, vijana, mzee mwenye mguu wa gongo, wote wametazama sanduku la chuma kama watu wanaotazama sufuria ichemke. Byamungu alikuwa kijana. Alikuwa mzuri, mwanangu. Mzuri kuliko nilivyoogopa. Akanionyesha benchi kwa kidole bila kunitazama. "Kaa hapo, Baba. Zamu yako itafika."

Nikakaa. Sijui kwa nini. Nadhani ni benchi. Kila anayelikalia hungoja.

Na hapo sanduku likakoroma, na sauti ya mke wangu ikajaa chumba.

"Kavimvira, hapa Imbo. Nasikiliza."

"Dada Domi! Leo sauti yako ni asali tupu."

"Byamungu, asali weka kwenye chai yako. Benchi iko na watu wangapi? Nani wa kwanza?"

Watu wakacheka. Mama mmoja akampiga Byamungu begani: "Amekupata! Kila siku unajaribu, kila siku unarudishwa." Naye akacheka kile kicheko kilichoninyima usingizi, akainua mikono kama mwizi aliyekamatwa. Halafu akabonyeza kitufe. "Dada, ile mambo ya ruhusa? Mwalimu ameshalipa?"

"Ameondoka asubuhi," Domitila akajibu. "Mwalimu akisema atafika, amefika. Nipe mutu wa kwanza."

Bahasha ilikuwa kifuani mwangu. Niliisikia ikipanda na kushuka.

Pembeni yangu alikaa bibi kizee aliyevaa vitenge viwili visivyofanana. Alinigeukia, akasema polepole, asisikike mbali, "Ni muke wako, ule."

"Bibi, umejuaje?"

"Wote hapa tunasikiliza kwa masikio. Weye unasikiliza kwa meno."

Kweli taya zilikuwa zikiniuma. Nikafumbua mdomo, nikashindwa kusema uongo. Nikamwambia nimeleta pesa za Byamungu, nimrudishie, mke wangu si wa kulipiwa na kijana wa ng'ambo.

Bibi akacheka bila meno, kisha akaacha kucheka. "Pesa za Byamungu? Byamungu yuko na pesa gani? Uliza hii benchi. Walipita na mukebe, kila mutu akatia. Mi nilitia bei ya sahani ya ndagala, na ile siku nilikula sombe, majani ya muhogo, bila kitu. Ule wa gongo alitia pia. We mwalimu, redio moja inasema na nani? Ya kwenu wakiifunga, hii hapa ni sanduku ya kuwekea panya. Ndiyo tukalipa. Siyo kwa ajili ya macho ya muke wako, hatujayaona."

Nikatazama chini.

"Na mi niko na wivu pia," akaendelea. "Nakuonea wivu weye. Ile sauti sisi tunaipangia foleni. Weye inakuita kula. Mutoto wangu Feza ameolewa huko Kamenge, karibu na kwenu. Tumbo lake limefika. Mupaka unataka karatasi na miguu, mi sina vyote viwili. Niko na hii benchi tu. Unataka kuivunja kwa sababu mutoto wa watu amecheka?"

Kabla sijajibu, Byamungu akaita jina lake: Bibi Nabintu. Akainuka, akashika kisemeo cha foni kwa mikono miwili kama kikombe cha sakramenti. Nikasikia sauti ya Domitila ikilainika: "Shikamoo Bibi. Feza hajafika leo, amekuwa muzito. Ametuma neno kwamba kesho kutwa atajikokota aje. Kesho kutwa uwe hapo. Nasikiliza."

"Nitakuwa hapa, mutoto wangu," bibi akasema. "Hata mvua ya mawe."

Niliondoka bila kumuaga Byamungu. Pale mpakani foleni ilikuwa ndefu. Askari walikuwa wakipekua kila kikapu, na barabara ilifunguliwa na kufungwa kwa namna wao walivyotaka. Nilipofika mjini nilikimbia kama mtoto wa shule. Dirisha la malipo lilikuwa limefungwa. Mlinzi alikuwa akifagia. Nilimwomba, nikamwonyesha bahasha. "Kesho, Baba," akasema, na hakuwa na ubaya wowote. Lakini kesho haikuwa siku yangu.

Nilimweleza Domitila yote usiku ule ule. Alisikiliza akiwa amenitazama, mikono mapajani. Nilipomaliza hakupiga kelele. Aliuliza neno moja tu: "Ulikuwa Kavimvira, ukanisikia kwa masikio yako, ukashindwa kusema 'mi niko hapa'?" Akainuka, akaenda kulala.

Asubuhi iliyofuata, kabla sijafika ofisini, wakaguzi walikuwa wameshafika mtaani. Walikuwa watu wawili wenye adabu, na askari mmoja. Walitazama ruhusa iliyokwisha, wakazungushia sanduku utepe, wakapiga muhuri, wakaniuliza lile swali: mnasema na nani? Nikajibu, "Na benchi." Hawakuelewa. Ada wakaipokea ofisini pamoja na faini, ambayo niliilipa kwa kuuza baiskeli yangu, lakini wakati wa vita utepe haufunguliwi upesi kama ulivyofungwa. Tulikaa majuma.

Kesho yake, siku ile aliyoahidi, Feza alikuja, akitembea kwa kushika kuta. Alikuta utepe. Alikaa kwenye benchi letu tupu muda mrefu, akaondoka. Akarudi tena baadaye, safari hii na kichanga mgongoni, na utepe bado uko palepale. Akamwambia Domitila, "Siku mukifungua, mumwambie mama ni musichana. Tumemupa jina lake."

Siku utepe ulipotolewa, Domitila hakunywa hata chai. Aliita, "Kavimvira, Kavimvira, hapa Imbo." Byamungu aliitika, bila kile kicheko. Vita vya kwao vilikuwa vimeshuka kutoka milimani. Watu wa benchi walitawanyika. Bibi Nabintu walimpandisha mashua ya mizigo kuelekea kusini, mji wa Baraka au mbele zaidi, hakuna aliyejua. Mpaka siku ya mwisho, Byamungu akasema, alikuwa akija kila asubuhi, anakaa, anauliza: Imbo hawajaamka?

Kuanzia hapo, kila asubuhi kabla ya mteja wa kwanza, Domitila aliita vituo vyote vya ziwa. "Ujumbe kwa Bibi Nabintu wa Kavimvira. Feza amejifungua musichana. Anaitwa Nabintu. Nasikiliza." Kisha aliachia kitufe. Mimi, niliyekuwa nikikesha kwa kuwa sauti ile inajibiwa, nilisimama mlangoni nikiomba mwanamume yeyote, mzuri au mbaya, aijibu. Sanduku lilikoroma tu, kama mvua ya mbali. Aliita hivyo hadi foni zenyewe zilipotoweka, simu za mkononi zilipofika.

Basi, mwanangu, nisikudanganye kwamba wivu uliniisha. Hata leo simu ya Domitila ikilia, sikio langu husimama kama la sungura, naye huniona, hunicheka. Wivu ni kama moshi wa kuni mbichi. Ndani ya nyumba yenye moto hauukosi. Ninalokuambia ni hili: usiupe bahasha uibebe. Ukiumia, uliza siku hiyo hiyo, kwa mdomo, uso kwa uso, kabla hujapanda teksi. Unachokiona kuwa zawadi ya mtu mmoja kwa mke wako, au kwa mume wako, huenda ni mkebe wa benchi zima. Na deni la serikali lipe siku yake, maana karatasi ile yenye muhuri haikulindi wewe peke yako. Nyuma yake wamesimama watu usiowajua, wakingoja zamu. Warundi wenzangu husema, *ubugirigiri bugira babiri*: jambo lolote husimama kwa wawili. Mimi nilimtazama wa pili kama mwizi.

Nenda salama. Mungu akupe nyumba yenye sauti unayoipenda, na moyo wa kuwaachia wengine waisikie. Na siku utakapoita, mwanangu, kutoka ng'ambo yoyote ile utakayokuwepo, pasikose mtu wa kukuitika.