Mjakaranda Niliouua Mara Mbili

Katika miaka ya tisini nilikuwa karani wa ofisi ndogo ya majani chai mjini Kericho, na huko ndiko nilikojiunga na kikundi cha kupanda miti. Nisidanganye kwamba nilikuwa naipenda miti. Mwenyekiti wa kikundi, mwalimu mstaafu aliyewahi kunifundisha, alinisimamisha nje ya kanisa Jumapili moja akaniambia wanatafuta katibu mwenye mwandiko mzuri. Siku hizo mtu akiusifu mwandiko wangu, ningemfuata popote.

Tulipanda mijakaranda kandokando ya barabara inayotoka sokoni kwenda hospitalini. Kila mwanachama alipewa mche mmoja autunze kama mtoto wake. Wangu uliangukia mkabala na kibanda cha mama mmoja aliyeuza nyanya na omena, wale dagaa wadogo. Alikuwa ametoka upande wa ziwani, akaolewa na fundi wa kiwanda cha chai, na alikaa hapo kutwa nzima isipokuwa Jumapili. Hakuwa mwanachama. Mikutano yetu ilikuwa siku ya soko, na hakuna aliyewahi kufikiria kumuuliza.

Mtu yeyote aliyeishi Kericho anajua kwamba mvua ya huko haingoji kuombwa. Mchana jua likishawaka kidogo, inashuka, karibu kila siku. Lakini mimi nilikuwa nimesoma katika kijitabu fulani kwamba mche unahitaji maji kila jioni, na kijitabu hakikutaja Kericho. Basi kila siku nikitoka kazini nilichota maji kwenye bomba la hoteli, nikavuka barabara, ndoo mkono huu na mwavuli mkono huu, nikaumwagilia mti wangu mvua ikinipiga miguuni. Watu walisimama kwenye veranda za maduka wakinitazama. Nilidhani wananistahi.

Siku moja yule mama aliniuliza, kwa upole kabisa, "Karani, hiyo mti si imeoga tayari?"

"Mvua ni ya watu wote, mama," nikamjibu. "Haya ni maji yake mwenyewe."

Alinitazama kidogo, akarudi kuzipanga nyanya zake.

Miezi ikaenda. Miche ya wenzangu ilipata shida zake: mmoja uliliwa na mbuzi, mwingine uling'olewa na gari la mkaa lililokuwa linageuza. Wangu ulibaki kijani. Mwenyekiti aliusifu mkutanoni, nami kama katibu nikaandika katika kumbukumbu kwamba katibu alipongezwa sana. Nilipokuwa nikiandika nakala safi, niliongeza "sana" ya pili.

Kisha mwanachama mmoja, mshona nguo, akasema anaona kama majani ya mti wangu yamebadilika. Kweli yalikuwa yamebadilika kidogo, ila na mimi ndiyo kwanza nilikuwa nayatazama. Ningeweza kusema sijui. Badala yake nilisimama, nikaeleza kwamba mjakaranda ukishapita baridi yake ya kwanza ya Julai huacha majani ya utotoni na kuvaa ya utu uzima. Nililisema hilo kwa utulivu mkubwa sana. Hakuna aliyebisha. Likaingia katika kumbukumbu kwa mwandiko wangu mzuri.

Ndipo kina mama wa kanisa moja kule Silibwet, waliotaka kupanda miti katika kituo chao cha biashara, wakaomba tuwapelekee mtu wa kuwafundisha. Mwenyekiti akanituma mimi. Nilivaa tai. Nilibeba jani la mti wangu ndani ya bahasha ya ofisi.

Nilizungumza karibu saa nzima. Nilipofika kwenye habari ya maji, mama mmoja wa makamo aliyekuja moja kwa moja kutoka kuchuma chai, bado amevaa gambuti zake za mpira, aliinua mkono.

"Umesema unamwagia maji kila siku?"

"Kila siku, mama."

"Na mvua je?"

"Hata mvua ikinyesha."

Wakatazamana. Ili kuokoa heshima nikalitoa jani langu, nikaeleza habari ya utoto na utu uzima. Yule mama alilichukua, akaligeuza mara moja tu.

"Kijana, kwenu ni wapi?"

"Karibu na Chepilat."

"Na kwenu kuna chai?"

"Iko."

"Na kwa mpaka wa hiyo chai, baba yako alipanda nini?"

Nikaiona papo hapo: mistari ya migrevilia ya baba yangu, ile miti ya mpakani niliyokuwa nikiiangikia shati la shule kila siku kwa miaka minane. Lile jani nililokuwa nimelisafirisha katika bahasha lilikuwa la mgrevilia, si la mjakaranda. Hakuna aliyecheka. Walinipa chai ya maziwa na viazi vitamu, wakanishukuru kwa kuja, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kicheko.

Siku iliyofuata nilienda moja kwa moja kwa mama wa nyanya. Sikujua nianzie wapi, kwa hiyo niliuliza tu, "Mama, ule mti ni wangu?"

"Ni wako. Lakini ni wa tatu."

Akanieleza huku akiendelea kuchambua omena. Mche wa kwanza ulioza mizizi kwa maji yangu. Akaomba mwingine wa namna ile ile kule kwenye kitalu, akaupanda asubuhi kabla sijapita. Nao nikauozesha. Mara ya tatu mijakaranda ilikuwa imekwisha kitaluni, basi mumewe akamletea mgrevilia kutoka shambani.

"Na huu mbona haujaoza?"

"Nilichimba mfereji hapo chini, nikaweka mawe. Maji yako inapita, inaenda kwa barabara."

Kwa hiyo kwa miezi yote hiyo nilikuwa nikiimwagilia barabara.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia mara moja," alisema. "Halafu ulikuwa unakuja na furaha sana. Na mimi nataka kivuli, nyanya zangu zinaungua na jua ya asubuhi."

Nilikiri kila kitu katika mkutano uliofuata. Mwenyekiti alisikiliza, kisha akanitaka nisome kwa sauti zile kumbukumbu zangu za nyuma, na nikazisoma zote, pamoja na "sana" ya pili. Mshona nguo alilazimika kutoka nje. Waliporudi kwenye ajenda waliamua kumwomba yule mama awe msimamizi wa miti yote. Alikubali kwa sharti kwamba mikutano iondolewe siku ya soko, ikaondolewa.

Mimi nilibaki na kalamu, na juu ya hiyo yule mama akanipa kazi ya kubeba samadi kila Jumamosi. Nilikuwa na nguvu kuliko nilivyodhani. Msimu uliofuata miche mingi ilishika, na mmoja nilioupanda mwenyewe, bila ndoo, ulifika kiunoni mwangu ndani ya uzio wake wa fito. Kisha ng'ombe akautafuna mpaka chini. Nilifika nikautazama, na nikiri kwamba nilifarijika kidogo kuona mti umekufa bila mchango wangu.

Mama wa nyanya alikuja akasimama kando yangu, akautazama mlango wa uzio.

"Nani aliacha hii wazi?" akauliza.

Jana yake ni mimi niliyeingia humo na samadi. Nikaomba jembe, nikaanza kuchimba shimo jingine.