Picha Isiyo na Uso

Nilifika Mbotela, mtaa wa Nairobi, nikinuka mbuzi. Nilikuwa nimetoka Moyale juu ya lori, siku mbili, nimekaa kwenye vyuma vya juu pamoja na wachungaji wawili, mbuzi wakikanyagana chini yetu. Kabla ya Moyale nilikuwa Lodwar, na kabla ya Lodwar nilikuwa Kitale, mahali nilipojifunza cherehani baada ya kumaliza kidato cha nne na kukosa la kufanya. Nimekuwa hivyo maisha yangu yote. Nikikaa mahali mwaka mmoja na nusu, naanza kukumbuka mahali pengine. Tulipofika Marsabit, upepo ukinipiga usoni, nilikuwa tayari naitamani Moyale, na nilikuwa nimeiacha asubuhi ile ile.

Lori lilitushusha Kiamaiko kwenye machinjio, alfajiri. Nikatembea na begi langu, nikapita Pumwani watu wakitoka msikitini, nikaendelea hadi Jogoo Road. Hapo nikamuuliza mwenye kibanda cha chai kama anajua mahali fundi anaweza kupata kazi. Akaniangalia viatu, akacheka.

"Oga kwanza, buda. Halafu uende kwa Madam wa magauni. Fundi wake amemtoroka juzi."

Duka la Madam lilikuwa nyumba ya zamani ya kanjo, baraza la jiji, iliyoongezewa chumba kwa mbele. Magauni ya harusi ya kukodisha yalining'inia ukutani yakiwa yamefunikwa nailoni. Kulikuwa na kioo kimoja kirefu, benchi la wanaosubiri, na pazia la kubadilishia nguo. Kwenye msumari karibu na mlango kulikuwa na kiondo. Mteja akiingia, simu yake inaingia kwenye kiondo, na hata mama wa bibi harusi na shangazi wote hawasamehewi. Kazi ya kukishika hicho kiondo ilikuwa yangu, pamoja na tepu na pini.

Madam alinieleza siku ya kwanza, akiwa amesimama, maana hakuwa mtu wa kukaa. Gauni likipigwa picha leo, wiki ijayo linashonwa sokoni Gikomba. Wengine wanakuja kujaribu matano, wanajipiga picha, wanazituma kwa kamati ya harusi, halafu hawaonekani tena. Wengine hata harusi hawana, wanataka tu picha ya kuweka mtandaoni.

"Picha tunapiga sisi," akasema, akanionyesha simu ya duka, ambayo kioo chake kilikuwa na ufa. "Ukishaweka pini, piga, ili ukiketi kushona ukumbuke palipobana. Kuanzia shingoni kushuka. Uso sitaki kuuona kwenye simu yangu."

Uso ulikuwa umemletea balaa. Zamani picha moja ilitoka kwenye simu hiyo ikasambaa, na kumbe bibi harusi alikuwa akijaribu gauni la harusi ambayo mchumba wake wa kwanza hakuwa ameambiwa. Huyo mchumba alikuja na jiwe. Tangu hapo vichwa vilikatwa kwenye picha, na kila Jumatatu asubuhi, kabla ya kufungua, fundi alifuta picha ambazo kazi yake imekwisha. Niliizoea kazi hiyo haraka. Ningeweza kuifanya nikinywa chai.

Wanaume hawakuwa wakija dukani. Ndiyo maana yule mmoja nilimkumbuka. Alikuja na mwanamke wake alasiri moja ya Jumamosi, akiwa bado na ovaroli ya kuchomelea vyuma, akaketi mwisho wa benchi kama mtu anayesubiri kunyolewa. Msichana aliyekuwa akimsaidia Madam hakuweza kunyamaza.

"Buda, huogopi mikosi? Bwana harusi haoni gauni kabla ya siku."

"Mikosi ni ya matajiri wa Karen," akasema. "Sisi tumekaa nyumba moja miaka mitano. Hakuna kitu sijaona."

Mwanamke akapiga kelele kutoka nyuma ya pazia, "Wewe! Nyamaza!" na sote tukacheka.

Yule mwanamume alinishikia kiondo nilipokuwa nikiweka pini. Nikaona kidole chake cha mwisho cha mkono wa kushoto kimekatika kwenye kiungo cha juu. Aliniona nikiangalia.

"Mashine ya kukata majani ya ng'ombe," akasema. "Nikiwa darasa la tatu. Mathe alivua kitambaa chake cha kichwa akanifunga nacho, akanibeba mgongoni hadi zahanati. Hadi leo nikienda nyumbani anakishika kidole hiki kwanza, halafu ndio ananisalimia."

Alisema kwao bado hawajaambiwa habari ya harusi. Angewaambia Krismasi akienda, uso kwa uso, maana ndugu zake walikuwa wagumu. Hata kwa pasta hawajafika. Wameanza na gauni kwa sababu dada huyu alikuwa amelipenda tangu lilipowekwa dirishani.

Lilimkaa vizuri, ila kiunoni palihitaji kupunguzwa vidole viwili kila upande. Alijigeuza mbele ya kioo, akajigeuza tena, halafu akaniambia kwa sauti ndogo, "Fundi, nisaidie na simu yangu. Moja tu. Mimi na yeye."

"Sheria ya duka, dada."

"Sitamtumia mtu."

"Wote husema hivyo."

Nilisema kwa utani, lakini nilisema. Nikapiga picha yangu kwa simu ya Madam, kuanzia shingoni kushuka, pini zikiwaka kiunoni. Sikuangalia kioo kilichokuwa nyuma yake.

Wiki tatu baadaye alirudi peke yake, na nilijua kabla hajafungua mdomo. Bwana yake alikuwa ameanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi alikokuwa akichomelea. Simu yake iliibwa pale pale alipolala. Ndugu zake walikuwa wameshuka kutoka kwao, wakaenda mochari, wakaunda kamati ya mazishi, na dada huyu alipofika wakamuuliza yeye ni nani.

"Nawaambia mimi ni bibi yake, wananiambia hakuna mtu alikuja kwao kusema," akasema. "Nawaonyesha picha zetu, wananiambia hata marafiki hupigwa picha. Programu ya mazishi inachapishwa Jumatatu. Jina langu halimo. Wamesema nikija, nisimame na majirani." Akanisogelea. "Fundi, wewe ulituona. Wewe ndiye uliyetuona tukianza."

Hakutaka kingine. Alitaka aandikwe mke, na atupe udongo kaburini wakati wa wenye msiba kutupa udongo.

Madam hakuwepo. Nikafungua simu ya duka, nikaitafuta ile picha, na safari hii nikaangalia kioo. Pembeni kabisa, kati ya pazia na fremu, palionekana goti lenye ovaroli na mkono wa kushoto umeshika kiondo. Kidole kifupi kilionekana. Nikaituma kwenye simu yangu, nikaenda studio ya karibu nikachapisha nakala moja. Nikaifuta kwenye simu yangu hapo hapo, kwa sababu nilimwogopa Madam.

Mkutano wa kamati ya mazishi ulikuwa Jumamosi, kwenye chumba cha juu cha hoteli moja nyuma ya mahakama ya Makadara. Watu kama ishirini, soda mezani, daftari la michango. Kaka mkubwa wa marehemu aliongoza. Mama yao alikaa kando ya dirisha, kitambaa kichwani, mkoba mapajani. Nikasimama nikaeleza kuwa mimi ni fundi, kwamba marehemu alikuja mwenyewe dukani na huyu dada kuchagua gauni la harusi, na kwamba nilizungumza naye kwa mdomo wangu.

Kaka akaichukua picha, akaiangalia, akaigeuza nyuma kama kuna kitu kimeandikwa.

"Fundi, hii ni gauni. Kichwa kiko wapi?"

"Ni sheria ya duka. Hatupigi uso."

Mtu mmoja akacheka puani.

"Kwa hiyo huyu anaweza kuwa yeyote."

"Ni yeye. Nilimpima mimi."

"Sawa, ulimpima. Hebu tuambie, hao wote unaowapima, wote huolewa?"

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikudanganya. Nilikuwa nikiwadanganya wateja kila siku juu ya magauni yanayowabana. Lakini dada alikuwa akiniangalia, na nikajibu kama mtu anayetoa ushahidi.

"Si wote."

"Asante, fundi."

"Angalieni kioo," nikasema. "Huo ni mkono wake. Angalieni kidole."

"Mkono ni mkono," kaka akasema, lakini mtu alikuwa ameshaipokea picha, ikapita kutoka kwa huyu hadi kwa yule, ikamfikia mama. Nikamwambia, "Mama, angalia kidole cha mwisho."

Aliisogeza dirishani. Aliiangalia muda mrefu sana. Nilikuwa nimesimama karibu kuliko watu wote, na niliona kidole chake gumba kikisogea polepole juu ya karatasi, kikafika pembeni, kikatulia pale palipokuwa na mkono. Alikipapasa kile kidole. Halafu akainua mkono wa pili, akagusa ncha ya kitambaa chake cha kichwa.

"Mama, unamjua?" kaka akauliza.

"Macho yangu ni ya kizee," akasema. "Sioni vizuri."

Akafungua mkoba, akaiweka picha ndani, akaufunga. Hakuna aliyemwomba airudishe. Nani angemwomba? Wakaendelea na habari ya basi la kwenda mazishini.

Alikuwa ameona. Hilo nalijua kama ninavyojua jina langu. Kwa nini alinyamaza sijui. Labda aliwaogopa wanawe, ambao ndio angebaki nao. Labda kumtaja mke ni kumpa mahali pa kujenga kwenye ardhi yao. Labda alitaka tu awe na kitu ambacho hakuna mwingine anacho, na akakipata.

Tuliposhuka ngazi dada hakulia. Aliniambia, "Ameijua, sivyo?" Nikasema ndiyo. "Basi nitolee nyingine. Nitampelekea pasta wao. Nitamwambia pasta amuulize mama wakiwa wawili tu, bila hao."

Lilikuwa wazo zuri. Nikamwambia aje Jumatatu, Madam akiwa ametoka.

Jumatatu niliamka na mambo mengi kichwani, nikafungua duka, nikapika chai, nikachukua simu ya Madam. Mkono wangu ulifanya kazi yake. Gauni lililorudi, futa. Gauni lililokwisha kushonwa, futa. Gauni la dada lilikuwa limeshonwa kitambo, na Madam alikuwa amelikata jina lake kwenye kitabu tangu aliposikia msiba. Nikafuta. Nilikuwa nimemaliza kikombe ndipo nikasimama katikati ya chumba, nikajua nilichofanya. Nilikimbia studio. Kijana wa studio aliniambia kompyuta yake haiweki picha za watu, na akaniuliza kama mimi ni mzima.

Dada alifika saa nne. Nikamwambia. Sikujitetea, na sikumsingizia Madam kuwa ndiye aliyeifuta.

Hakunitukana. Ningependa angenitukana. Alienda mwisho wa benchi, akaketi pale, akakaa kidogo akiwa ameweka mikono mapajani. Halafu akatoka, akasahau hata kuichukua simu yake kwenye kiondo, alimoiweka mwenyewe alipoingia, bila kuambiwa. Nikamkimbilia nayo hadi barabarani.

Marehemu alizikwa Alhamisi. Jirani yao aliyekwenda na basi aliniambia kwamba dada alisimama na watu wa mtaa, na kwamba alipojaribu kusogea wakati wa udongo, kaka mmoja alimshika kiwiko kwa upole akamrudisha nyuma. Kwenye programu hakuwemo popote. Mama wa marehemu, jirani akasema, alikuwa ameukumbatia mkoba wake muda wote kama mtu anayeogopa wezi.

Ijumaa Madam alishusha lile gauni ukutani, akaniwekea mezani.

"Kuna mteja amelitaka wiki ijayo. Ni mnene kidogo. Fungua hapo kiunoni ulipopunguza."

Nililigeuza ndani nje. Mshono wangu ulikuwa pale, vidole viwili kila upande, msafi, nilioushona ile Jumamosi jioni nikimfikiria mwenye ovaroli akicheka. Nikachukua wembe. Nilifumua upande wa kulia, nikafumua wa kushoto, nikaondoa nyuzi moja moja kwa ncha ya pini. Halafu nikanyunyiza maji na kupiga pasi, polepole, mpaka matundu ya sindano yakajifunga.

Madam akalinyanyua kwenye mwanga wa mlangoni, akalipitisha machoni, akapapasa kiuno kwa vidole.

"Kazi safi, fundi," akasema. "Mtu hawezi kujua palishonwa."

Nikatundika tepu kwenye msumari, juu ya kiondo. Begi langu lilikuwa limefungwa tangu asubuhi, chini ya cherehani. Madam alikuwa bado ameligeukia gauni nilipotoka, nikashika njia ya Jogoo Road, na kwa mara ya kwanza maishani sikuwa na mahali pengine popote pa kukumbuka.