Mwalimu amekoroma nikimsomea utafiti wangu

Jamani, leo mwalimu wangu wa Baiolojia, sasa mstaafu, amekoroma nikimsomea utafiti wangu!

Nilimfuata kwake Igurwa kwa furaha, maana ndiye aliyenisukuma niwe mtafiti wa magonjwa ya migomba.

Ukurasa wa pili tu, usingizi.

Alipoamka akauliza, "Siku hizi unasoma nini, mwanangu?"

"Ripoti za migomba, Mwalimu."

"Na nini kingine?"

Nikataja ripoti nyingine. Aibu!

"Haya, nieleze tu. Ugonjwa wa mnyauko uliingiaje shambani kwa mama yako?"

Nikamsimulia: panga lililokata mgomba mgonjwa wa jirani likakata na wetu bila kuoshwa, ugonjwa ukaenea hadi mama akang'oa shamba zima huku analia.

Mwalimu akasogeza kiti karibu.

"Andika hivyo."

Nimeondoka na riwaya mbili alizoniazima. Nyie mnasoma nini nje ya kazi?