Chupa ya Mzee wa Golini

Mie nilimshuku yule mzee tangu wiki yangu ya kwanza, na sioni haya kusema. Mtu amezaliwa Tanga, amekulia kwenye mpira, ataachaje kumshuku mzee anayeingia uwanjani peke yake, chupa mkononi, akamwaga maji golini huku midomo inamcheza? Kwetu watu hao tunawajua. Tunawaita kamati ya ufundi, na ufundi wao ni wa uganga, si wa kupiga chenga.

Nilikuwa nimeajiriwa kuwa mtaalamu wa viungo wa klabu ya hoki ya barafuni, magharibi mwa Sydney. Uwanja wenyewe uko nyuma ya maghala ya Smithfield. Kazi yangu ni misuli, magoti na nyonga za watu wazima wanaogongana makusudi. Nilidhani nimekuja kwa watu wa sayansi. Hee! Siku ya kwanza nilikanyaga nembo ya klabu iliyofumwa kwenye zulia la chumba cha kubadilishia nguo, na chumba kizima kikapiga kelele utadhani nimekanyaga mtoto. Kipa huzigonga nguzo za goli, kushoto kisha kulia, halafu anazisemesha. Fainali zikikaribia hakuna anayenyoa ndevu. Nikasema moyoni, makubwa haya.

Wiki ile ile mzee alipomwaga maji yake, kipa akachanika msuli wa paja. Nani angeniambia ni bahati mbaya? Kikulacho ki nguoni mwako. Nikaanza kumchunguza. Hakuwa mwajiriwa wala hakuwa na cheo. Alikuwa na funguo tu, na kila mtu alimwamkia. Msimu ulipokwisha na barafu ikayeyushwa, akaja na chupa imejaa tena, akaitia kwenye friji ya chumba changu, nyuma kabisa. Kila nikifungua friji ile nilianza na bismillahi.

Rafiki yangu Mkenya, nesi wa mtaa wa Granville, alicheka mpaka chai ikamtoka puani. "Wabongo nyinyi! Hata huku kwa wazungu mmepata mganga?"

"Cheka tu," nikamwambia. "Wewe hukuiona midomo yake."

Msimu mpya ulipokaribia nikaona sasa basi, kipa wangu amepona juzijuzi, simpeleki tena kuchinjwa. Nikaitoa chupa, nikafungua kifuniko, nikaishika juu ya sinki. Mzee akaingia. Hakufoka. Akakaa kwenye kitanda cha wagonjwa.

"Tafadhali," akasema. "Hiyo ndiyo klabu."

Akanieleza, nami nimesimama na chupa, siamini hata neno. Klabu ilianzishwa na wageni kama mimi, waliotoka nchi za baridi za Ulaya na kufanya kazi viwandani. Uwanja wao wa kwanza ulipobomolewa, walichota maji ya barafu yake. Uwanja wa pili wakayamwaga golini siku ya kutandaza barafu mpya, yakaganda nayo. Tangu hapo kila mwaka huchota maji barafu ikiyeyuka, na kuyamwaga mpya ikitandazwa. Wamehama mara tatu, lakini kwa hesabu yake barafu ni ile ile. Mwaka mmoja ukirukwa, imekatika, na hakuna pa kuipata nyingine.

"Na midomo je?" nikamkazia.

"Nawataja wenzangu. Nimebaki peke yangu."

Nikafunga kifuniko. Mama yangu aligandisha maziwa vivyo hivyo: ya jana kidogo ndani ya ya leo, na ole wake atakayemaliza kibuyu.

Ikawa kama mkosi. Wiki ile akaletwa meneja mpya, na neno lake la kwanza lilikuwa bima: asiyeajiriwa asikanyage barafu. Mzee akanyang'anywa funguo. Siku ya kutandaza nikamkuta nje ya geti.

"Wewe una mkataba," akaniambia.

Mkataba wangu mpya ulikuwa unangoja sahihi ya meneja huyo huyo! Nikamwambia siwezi. Nikamwambia tena siwezi. Kisha nikaingia ndani, nikaichukua chupa kwa hasira, maana ningemtazama zaidi ningelia.

Mafundi walikuwa wanapuliza maji kwa bomba la mpira, safu nyembamba juu ya nyingine. Nikajongea golini na ushungi wangu, nikapiga bismillahi, nikamwaga. Majina ya wenzake nilikuwa nimeyakariri toka chini ya picha zao koridoni. Niliyataja moja moja, kwa matamshi ya Tanga, Mungu anisamehe.

Meneja akaja mbio. "Umemwaga nini hapo?"

"Maji."

Akaamuru yafutwe. Fundi akapapasa kwa ncha ya buti, akasema yameshaganda. Meneja akaitazama chupa, akautazama ushungi, akanitazama mdomoni. Jicho lile nililijua, mwaka mzima nilikuwa nalo mwenyewe.

"Natumaini," akasema polepole, "haya si mambo yenu ya Kiafrika."

Damu ilinichemka, wallahi. Getini mzee alikuwa ameshika vyuma kwa mikono miwili, anatuangalia.

"La," nikamwambia. "Haya ni ya kwenu. Mie nimetumwa tu."