Jezi za Radi Zinakataa Kukauka

Jua la asubuhi limeshafika kwenye mabati ya Buyenzi, na Khadidja anafanya kitu ambacho dobi mwenye akili zake hafanyi. Anaanua jezi iliyokauka vizuri, anaitumbukiza ndani ya beseni la maji, kisha anairudisha kambani ikichuruzika.

Anageuka, anamkuta mwandishi wa habari amesimama mlangoni mwa ua.

"Andika tu mvua ilinyesha," anasema, na kuchukua jezi nyingine.

Ni Novemba 2004. Khadidja, ambaye mtaa mzima humwita Mama Hamimu kwa jina la mwanawe wa kwanza, ndiye anayefua jezi za Radi ya Buyenzi, timu ya mpira wa miguu ya mtaa huu. Hulipwa faranga elfu mbili kwa mechi. Mechi isipochezwa, halipwi kitu. Kwa hiyo kila jezi anayoilowesha tena anajinyima mwenyewe, na analijua hilo.

Chanzo ni posho. Mwezi uliopita komite ya kilabu ilitaka kuipunguza kwa nusu, wachezaji wakakataa kusaini. Komite ikatia kufuli kwenye geti la uwanja wa mazoezi na kutangaza kwamba Jumapili hii itaingiza vijana wengine. Vijana wamepatikana. Kinachokosekana ni jezi, maana Radi ina seti moja tu, nayo iko kwenye kamba ya Khadidja.

Mjumbe wa komite alipozifuata mara ya kwanza, mvua ilikuwa imenyesha kweli. Alizishika, akaona zimelowa, akaenda zake. "Pale ndio akili ilinijia," Khadidja anasema.

Kwa nini ajitie kwenye ugomvi wa wanaume na mpira wao? Swali hilo linamkalisha chini.

"Namba saba ni Sylvère, kapteni, anatoka Kinama. Golikipa anatoka Ngagara, mutaa wa kabila ingine. Mu mitaa hiyo mbili hakuna mwenye anatembeleaka mwenzake, toka vita ilianza. Lakini mu beseni yangu jezi zao zinalala pamoja." Anakamua pindo la moja polepole. "Kijana akikosa jezi, watu wa bunduki wanamupatia yunifomu. Mutoto wa dada yangu alikwenda hivyo. Mi naogopa. Sitaki kuona ingine."

Wakati huo ua umeshageuka bunge. Mashabiki huja asubuhi kupapasa jezi kama wanunuzi wa vitenge, kisha hubaki kubishana. Zénon, dereva wa teksi, anaitetea komite, na redio yake ndogo haimtoki mkononi.

"Hata kule Kanada na Amerika, matajiri wamefungia wachezaji wa hoki inje," anasema. "Redio imesema. Ile hoki ya juu ya barafu. Kama wale wenye pesa wameshindwa kusikilizana, sembuse siye?"

"Juu ya barafu?" anauliza Radjabu, fundi wa kuchomelea vyuma na mtetezi mkubwa wa wachezaji. "Mutu anachezea juu ya barafu, na tajiri bado anamunyima? Huyo alipwe mara mbili."

"Wanapata mamilioni, we. Matajiri wanasema ni hasara tupu."

"Walikuonyesha hiyo hasara? Na wetu hapa wanasema hivyohivyo. Mwenye kusema hana pesa, atufungulie mufuko tuone."

Wanaendelea hivyo mpaka chai inapoa. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuiona hoki kwa macho, na hilo haliwapunguzii kasi hata kidogo.

Ghafla watu wanapisha njia. Hadji Ilias, muuza vipuri na prezida wa kilabu, amekuja mwenyewe. Anakwenda moja kwa moja kwenye namba saba, anaikamua, maji yanamwagikia viatu vyake.

"Mama Hamimu, mvua haijanyesha toka juzi."

Khadidja anainamia beseni. Macho ya wote yanamwendea Zénon. Yeye ndiye mtetezi wa komite, neno lake litaaminiwa, na asubuhi hii ameona kila kitu.

"Ni nailoni, Hadji," Zénon anasema. "Nailoni ya siku hizi inakawia sana kukauka."

Kila aliyewahi kuvaa nailoni anajua hakuna nguo inayokauka upesi kama hiyo. Hadji anamkazia macho, kisha anashindwa kujizuia, anacheka.

"Hata we, Zénon?"

"Mi niko na komite, Hadji. Lakini siwezi kulipa nione mutu mwingine mu jezi ya Sylvère."

"Kulipa?" Hadji analidaka neno. "Nani analipaka hapa? Uwanja unajaa, sanduku la geti tupu. Munarukaka ukuta! Hiyo posho nitaitoa wapi?"

Mficha uchi hazai. Radjabu anainua mkono. "Mi narukaka, Hadji. Ule wa nyuma." Mikono mingine inafuata, mingi kuliko yeyote alivyotarajia.

"Radjabu!" anasema Sylvère, kapteni mwenyewe, aliyekuwa amesimama karibu na mlango. "Na we ndiye ulikuwa unanitetea kila siku?"

Mazungumzo yaliyoshindikana ofisini yanamalizika kati ya mabeseni. Posho itabaki ileile. Mashabiki watapita getini na kulipa, Radjabu atalinda ukuta anaoujua vizuri, na sanduku litafunguliwa mbele ya kapteni. Hadji anasema komite lazima iafiki jioni. Hata hivyo anatoa ufunguo wa uwanja mfukoni na kumpa Sylvère, yeye na wenzake wakafanye mazoezi.

Watu wanapotawanyika, Khadidja anamwaga maji ya beseni. Machozi yanamtoka, naye hayafichi. Anazigeuza jezi moja moja zielekee jua.

Ana mpango wa Jumapili: naye atanunua tiketi. Amezifua kwa miaka sita na hajawahi kuona mechi hata moja.

"Nataka nione vile Sylvère anachafuaka hii namba saba," anasema. "Aichafue sana. Mi nitafua."